Kikuza Sauti cha Tohura

Kila asubuhi, baada ya chai na konzi ya bisi za mchele, Tohura alipita kibarazani kumuaga bibi yake kabla ya kwenda shule. Kuaga kwenyewe kulikuwa kazi. Belkuchi ni mji wa wafumaji wa sari, na nyuma ya ukuta wa nyumba yao mitambo ya kufumia ilianza kugonga tangu alfajiri, kataka-kataka, kataka-kataka, hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Bibi yake mzaa baba, ambaye nyumbani wote walimwita Dadi, alikaa mkekani akizungusha gurudumu la uzi na kujaza bobini. Kazi hiyo aliianza tangu alipoolewa, na kwa miaka mingi aliifanya ndani ya banda lenyewe, katikati ya mitambo. Uzi ulimpa riziki, kelele zikamnyang'anya masikio.

"Dadi, naenda shule!" Tohura alipaza sauti.

"Mchele? Mchele upo, muulize mama yako."

Tohura akacheka. Mama yake, aliyekuwa akiosha sufuria, akacheka pia. Dadi alipoona wote wanacheka, naye akacheka, ingawa hakujua wanachekea nini.

Lakini hayakuwa ya kuchekesha siku zote. Majira yale ya baridi, shangazi Morsheda alipiga simu kutoka mji wa Khulna akitaka kuzungumza na mama yake. Alikuwa analia. Mtoto wake mchanga alikuwa amelazwa hospitali kwa nimonia. Dadi aliibana simu sikioni, akatabasamu, akasema kwa furaha, "Vizuri, mwanangu! Vizuri sana! Mungu ashukuriwe!"

Upande wa pili pakawa kimya, kisha simu ikakatika.

Mtoto alipona. Baba yake Tohura alimweleza dada yake kwamba mama yao hakusikia hata neno moja, na shangazi akasema ameelewa. Hata hivyo, tangu siku hiyo alipopiga simu alisema tu, "Mpeni mama salamu." Dadi naye alipoambiwa alichokuwa amekijibu, aliisukuma simu mbali naye. Hakuigusa simu tena. Chakula cha jioni akawa anakula peke yake kibarazani, eti ndani kuna joto, na baridi ilikuwa ikipenya hadi mifupani. Wageni wakija, aliinuka akaingia chumbani.

Tohura alikuwa darasa la nane na mwanachama wa klabu ya sayansi. Mwalimu wao, Mahfuza, wanafunzi walimwita Mahfuza Apa, yaani dada mkubwa, kama waitwavyo walimu wa kike wa huko. Alikuwa na boksi lililojaa vipande vya redio mbovu, nyaya na betri, na siku moja alitoa humo kitu cheusi, kidogo kama mbegu ya tikiti, chenye miguu minane.

"Hii chipu inaitwa opampu," alisema. "Ina milango miwili ya kuingilia umeme, mmoja wa chanya na mmoja wa hasi, na mlango mmoja wa kutokea. Kazi yake ni kutazama tofauti iliyopo kati ya ile milango miwili na kuikuza. Tena inakuza hasa. Mara laki moja na zaidi."

"Mara laki moja!" Tohura aliruka kwenye benchi. "Apa, hata sauti ya mtu?"

"Hata ya sisimizi, ukiweza kumshawishi aongee kwenye maiki."

Darasa likacheka. Apa aliendelea kueleza mambo mengine juu ya ile chipu, lakini Tohura hakuyasikia tena. Akilini alikwisha kumwona bibi yake akizungumza na watu wote wa mtaa.

Maonyesho ya sayansi ya wilaya yalikuwa yanakaribia. Tohura na rafiki yake Puspita Basak, aliyekaa naye dawati moja, waliamua kutengeneza kikuza sauti: maiki ndogo, chipu, betri, kitufe cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza sauti, na spika za masikioni. Apa aliwapa mchoro. Puspita alikuwa mtu wa kufuata mchoro kwa kidole, waya kwa waya.

"Rezista hii bado," alisema Puspita, akiinua kijiti kidogo chenye mistari ya rangi. "Inatoka mlango wa kutokea, inarudi nyuma hadi mlango wa hasi."

"Iache."

"Mchoro unasema iwepo."

"Nimeusoma mchoro. Ikiwepo hiyo, sauti inakuzwa mara ishirini tu. Ishirini, Puspita! Tuna laki moja mkononi. Ukipewa sufuria ya wali utaimwaga ubaki na punje?"

Puspita alicheka bila kutaka. "Lakini Apa hakuiweka pale kwa kupamba."

"Asiyesikia ni bibi yangu, si bibi yako. Anahitaji nguvu yote."

Puspita akairudisha rezista kwenye boksi.

Ijumaa mitambo hupumzika, na mji mzima huonekana kama umejifunika shuka. Alasiri ya siku hiyo walimkalisha Dadi kibarazani, wakamvisha spika masikioni. Tohura aliisogeza maiki mdomoni. "Dadi! Unanisikia?"

Mabega ya Dadi yaliruka. Macho yakamjaa machozi. Akamtazama mjukuu wake, akauona uso unaong'aa kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu.

"Nasikia," alisema. "Nasikia vizuri sana. Mungu akubariki."

Tohura alicheza uani hadi kuku wakakimbia. Puspita alizichukua zile spika, akazivaa, na papo hapo akazivua.

"Tohura, hii si sauti ya mtu. Inakwaruza tu. Kila neno ni krrr, krrr."

Kweli Tohura mwenyewe alikwisha kuijaribu sikioni asubuhi, na mkwaruzo ule aliusikia. Alijiambia si kitu. "Wewe masikio yako mazima," alijibu. "Kwa asiyesikia ni sawa."

"Nilikuwa namtazama Dadi. Machozi yalimtoka."

"Ya furaha!"

"Mimi nakuambia nilichokiona."

"Umeona wivu, basi. Kwa sababu wazo ni langu."

Puspita aliinuka. Alichukua shali yake, akamwinamia Dadi kwa heshima, akaondoka bila kumtazama Tohura.

Juma lililofuata, shule ilifanya maonyesho ya majaribio ukumbini, mbele ya Mwalimu Mkuu na wazazi. Dadi alikuja amevaa sari yake nyeupe ya Idi. Puspita alisimama karibu na dirisha, mbali na meza yao. Mwalimu Mkuu, mtu mpole mwenye masharubu mazito, alishika maiki.

"Bibi, una wajukuu wangapi?"

Dadi alimtazama midomo, lakini masharubu yalikuwa yameifunika. Masikioni mwake mkwaruzo ulipanda na kushuka. Akabahatisha.

"Sijambo, baba, sijambo. Magoti tu ndiyo yananisumbua."

Watoto wakacheka. Mwalimu Mkuu akadhani hakupaza sauti vya kutosha, akarudia kwa nguvu, na hapo Dadi alizing'oa zile spika, akashika masikio kwa mikono miwili, uso umemkunjamana.

"Kikuza sauti au kitesa masikio?" mtu akasema kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Tohura hakusubiri kiishe. Alimshika bibi yake mkono, wakatoka.

Nyumbani alimkalisha chumbani, akaufunga mlango ili kelele za banda zipungue, kisha akainama kwenye sikio lake la kulia, ambalo lilikuwa na nafuu kidogo, akaongea polepole.

"Dadi, niambie kweli. Kilikuwa kinakuumiza?"

Dadi alichezea upindo wa sari. "Kama nyigu waliofungiwa ndani ya debe, mwanangu. Na debe lenyewe nimevikwa kichwani."

"Tangu ile Ijumaa?"

"Tangu ile Ijumaa."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi. Ningeanzia wapi?"

Tohura aliweka kichwa mapajani mwa bibi yake, akalia. Hakumkasirikia. Alichokuwa anakiona kila alipofumba macho ni Puspita akichukua shali yake. Mtu mmoja tu alikuwa amemwambia ukweli, na yeye akamwita mwenye wivu.

Alikwenda kwa akina Puspita kabla jua halijazama. Puspita alikuwa sakafuni, anamsaidia mama yake kupanga nyuzi kwa rangi. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kuuona wivu wangu umefika wapi?"

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Tohura. "Ulisema kweli. Nilikisikia kikikwaruza, hata mimi, na bado nikakutukana."

Puspita alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. "Rudia. Sikusikia vizuri. Labda nivae kile kikuza sauti chako."

Tohura alicheka huku kamasi zikimtoka, jambo ambalo si la kupendeza, na Puspita akacheka kwa kumwona hivyo.

"Kaa basi. Mama, chai ya Tohura ipo?"

Siku ya pili walikwenda pamoja kwa Mahfuza Apa. Apa aligeuza kile kifaa, akakitazama chini na juu, akaona mara moja kilichokosekana. Hakufoka, lakini uso wake haukuwa na mzaha.

"Kosa la kwanza si la umeme," alisema. "Huweki kitu sikioni mwa mtu kabla hujakijaribu wewe, tena kwa sauti ndogo kabisa. Kelele kubwa huua hata usikivu uliobaki. Ulisikia mkwaruzo, Tohura, na ukaendelea?"

"Ndiyo, Apa."

"Ahsante kwa kukiri. Sasa fumba macho. Puspita, mfunge kwa shali yako."

Aliweka kikombe na jagi la maji mezani. "Jaza kikombe mpaka ukingoni. Usimwage."

Tohura alimimina. Maji yalifurika, yakatambaa mezani, yakadondokea miguuni mwake. Apa akakimwaga kikombe, akakirudisha. "Tena. Puspita, safari hii mwambie unachokiona."

"Ongeza," alisema Puspita. "Ongeza... ongeza... taratibu sasa... kidogo... basi!"

Tohura alipofunguliwa macho, kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, na meza kavu.

"Mkono ni ule ule, jagi ni lile lile," alisema Apa. "Kimeongezeka nini?"

"Mdomo wa Puspita," Tohura alijibu, na wote watatu wakacheka.

"Basi ndivyo ilivyo opampu. Bila ile rezista, imefungwa macho. Sauti ikipanda kidogo tu, chipu inasukuma hadi juu kabisa, mpaka mwisho wa nguvu ya betri. Ikishuka kidogo, inasukuma hadi chini kabisa. Haijui katikati. Sauti ya mtu ni mawimbi laini, lakini hapa yanatoka yamekatwa vichwa na miguu. Huo ndio mkwaruzo. Ukiweka rezista, sehemu ya kile kinachotoka inarudi kwenye mlango wa hasi, na chipu inalinganisha: kilichoingia ni hiki, kilichorudi ni hiki. Nimezidisha? Inapunguza. Nimepungukiwa? Inaongeza. Haichoki, na ina kasi kuliko kufumba kope. Ikirudishiwa sehemu moja ya ishirini, itatoa mara ishirini ya kilichoingia, na umbo la sauti litabaki lile lile."

"Huo ndio mrejesho hasi uliotuandikia ubaoni," alisema Puspita.

"Ndio. Na hasi hapa si ubaya. Ni kwamba unavuta upande ulio kinyume cha kosa."

Tohura bado alikuwa na jambo linalomkera. "Apa, na zile laki moja zinakwenda wapi? Si zinapotea?"

"Swali zuri. Hazipotei. Ndizo zinazofanya kazi ya kusahihisha. Chipu yenye nguvu nyingi ndiyo inayoweza kujirekebisha sawasawa. Nguvu zake haizitumii kupiga kelele, inazitumia kuwa kweli."

Walilehemu ile rezista kwa mikono yao, Puspita akishika waya, Tohura akishika chuma cha moto. Wote wawili walikivaa kwanza, kitufe kikiwa chini kabisa, kisha wakakipandisha kidogo kidogo. Ijumaa, Apa mwenyewe alifuatana nao hadi nyumbani.

"Dadi, leo hakuna kunifurahisha," Tohura alimwambia sikioni. "Puspita anakutazama usoni. Ukidanganya, atasema."

"Mmeniletea polisi!" alisema Dadi, lakini akakubali kuvaa.

Tohura aliongea kwenye maiki. Dadi aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Ni nyembamba. Kama mtu yuko ng'ambo ya mto."

Walibadilisha rezista, wakaweka inayorudisha sehemu kubwa zaidi, kumbe wamekosea upande. Dadi akatikisa kichwa. Sauti ilizidi kuwa ndogo. Wakaenda upande mwingine, na safari hii Dadi akakunja uso.

"Sasa inavuma. Ipunguze."

Puspita alimtazama macho, akathibitisha. Wakaweka ya katikati. Dadi mwenyewe akashika kitufe, akakizungusha kwa vidole vyake vilivyozoea uzi, kwenda na kurudi, kisha vidole vikasimama. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyesikia hodi.

Mlangoni, mama yake Tohura alikuwa anamnong'oneza mumewe, "Nimeunguza dengu. Usimwambie mama."

"Hizo dengu," alisema Dadi bila kugeuka, "pua yangu ilikwisha kuniambia."

Mama alishika mdomo. Baba akaegemea ukuta, akacheka mpaka akakaa chini. Tohura alimkumbatia Puspita.

Kisha Dadi akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alinyoosha mkono. "Nipigieni Morsheda."

Wakaiweka simu karibu na maiki, sauti yake ikiwa wazi.

"Morsheda, mtoto kifua chake kinaendeleaje?"

"Mama? Unanisikia?"

"Nasikia mpaka unavyopumua. Siku ile sikusikia, mwanangu. Nilikuwa naona aibu kusema sisikii, ndiyo maana nikajibu vizuri, vizuri. Nisamehe."

Hawakusikia shangazi alijibu nini, maana baba alikuwa amewaashiria wote waingie ndani, wawaachie wawili hao kibaraza. Wali ulipoa ukiwasubiri.

Kwenye maonyesho ya wilaya hawakupata nafasi ya kwanza. Hiyo walipewa wavulana waliotengeneza chujio la maji ya kisima. Wao walipata ya tatu, na mmoja wa waamuzi alipouliza kwa nini wameipunguza nguvu ya chipu kiasi kile, Tohura alimwomba afumbe macho, akamkabidhi jagi la maji.

Jioni ile walirudi nyumbani kwa akina Tohura na cheti chao. Mama alikuwa amepika keki za mchele zenye sukari ya mtende, na Puspita na Mahfuza Apa wakaalikwa kula. Dadi alikaa katikati ya watu, kikuza sauti mapajani na spika masikioni. Apa alimkumbusha baba kwamba kifaa cha shule si mbadala wa daktari wa masikio, na baba akaahidi kwamba juma lijalo atampeleka mama yake mjini Sirajganj kupimwa. Alipokwisha kunywa chai, Apa aliwageukia wanafunzi wake wawili wa klabu.

"Tohura, bidii unayo na moyo mwema unao. Ulichokosa ni sikio la kusikia unapoambiwa umekosea. Mtu asiyekubali kuambiwa 'punguza' wala 'ongeza' ni sawa na ile chipu bila rezista: ana nguvu nyingi, lakini anachokitoa kinaumiza watu. Ulikuwa na rafiki wa kukwambia, ukamfunga mdomo. Usirudie." Kisha akamgeukia Dadi, akapandisha sauti kama kila mtu wa Belkuchi anavyofanya. "NA WEWE MAMA, UNIWIE RADHI! ULIUMEZA UKWELI KWA MAPENZI! LAKINI MAPENZI YANAYOMFICHA MTOTO KOSA LAKE YANAMWACHA GIZANI! TUAMBIANE KWELI KWA UPOLE, NA TUKIAMBIWA TUSIKILIZE!"

Dadi alitikisa kichwa polepole kwa kukubali.

"Umenena, mwalimu, na yote nimeyasikia. Kosa langu nimeliona." Akasita, akamtupia Puspita jicho, kisha akasema, "Ila punguza kidogo. Unanipigia kelele."

Mahfuza Apa akajishika mdomo. Baada ya kicheko kutulia, akainama mbele, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi?"

"Hapo hapo," alisema Dadi.